Makochi ya Kuazima

Buyenzi, Bujumbura

Dada yangu Tatu,

Shikamoo, na nyingine tena kwa ajili ya miezi yote niliyokaa kimya. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unajipaka, au umeiweka kabatini inakuangalia tu? Mimi mzima, mwili umeongezeka kidogo, vitenge vinatoka polepole lakini vinatoka. Barua hii anakuletea shemeji, mdogo wake marehemu baba Rehema, anapanda gari la Kigoma kesho asubuhi. Ningepiga simu, lakini kwenye simu unanikatiza, na habari hii sitaki ikatizwe. Kaa chini. Muite binti yako akusomee, na asiruke hata mstari.

Ni habari ya Rehema. Najua umeshasema, "Haya, ameanza!" Ndiyo, nimeanza.

Unakumbuka nilivyokulalamikia alipoacha kazi nzuri ya ofisini akaenda Kinama kufungua nyumba ya watu waliofanyiwa uovu. Nilikuambia kwa hasira. Nilisema mtoto nimemsomesha kwa kukata vitenge, mimi niliyeishia darasa la sita, halafu anakwenda kukaa na watu wanaolia. Leo nakuambia nimeshika mdomo.

Pale anapokelewa mwanamke aliyebakwa, kijana wa pikipiki aliyekatwa panga akanyang'anywa pikipiki yake, mzee aliyevamiwa dukani. Zamani nilimwuliza, "Kwani polisi hawapo?" Akanijibu, "Mama, polisi wanatafuta mwizi. Ule mutu aliyeibiwa, nani anamutafuta?" Rehema na wenzake wawili ndio wanaomtafuta. Wanampeleka hospitali, wanamtafutia mwanasheria, wanakaa naye kwenye benchi la mahakama mpaka jina lake liitwe.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kajaga, muuza ndagala, ndio dagaa wetu wa ziwani. Jina lake sikuandikii, Rehema amenikataza, na kwa mdomo wangu huu ujue nimejitahidi. Walimpiga njiani wakachukua kila kitu, na mambo mengine ambayo pia siandiki. Aliletwa akiwa hasemi. Neno hata moja. Nilikwenda siku hiyo kupeleka mashuka, nikamwona Rehema amekaa naye chini, sinia la maharage katikati yao, wanachagua. Hamuulizi kitu. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu yule mama akafungua mdomo, akasema, "Hii maharage iko na mawe mingi." Rehema akamjibu, "Iko nayo, mama." Basi, baada ya hapo ndipo akataja mmoja wa waliompiga. Ni jirani yake, nyumba ya tatu kutoka kwake. Dada, mimi niliyemzaa Rehema nilisimama mlangoni na mashuka yangu kama mgeni. Huo uvumilivu ameupata wapi? Si kwangu. Wala si kwa baba yake, Mungu amrehemu.

Sasa sikiliza. Wazungu waliokuwa wanasaidia ile nyumba walimaliza mradi wao wakaondoka. Mwenye nyumba akasema mwisho wa mwezi watu watoke. Na yule mama wa ndagala kesi yake ilikuwa bado, angerudi Kajaga kulala nyumba ya tatu kutoka kwa adui yake. Alisema wazi: akirudi kule, mahakamani hasimami.

Rehema akaandika barua komini, ndiyo halmashauri ya huku, kuomba fedha ya serikali, ile ya kodi. Nilicheka. Nikamwambia, "Kodi? Mi kodi naijua. Nikimwona mukusanyaji, naenda chooni." Akasema, "Mama, mutu akiumizwa ni raia. Raia wenzake wote wachange, na we uchange." Barua ikajibiwa! Watu wa komini wakasema watakuja wenyewe kuona, halafu baraza liamue.

Wageni wanakuja kwa mwanangu, wageni wa serikali. We, unafikiri nilikaa?

Unajua mama alivyotulea. Mgeni akija Ujiji, sahani tuliazima kwa jirani wa kulia, vikombe kwa jirani wa kushoto, na sisi watoto tuliambiwa tusikohoe. Basi asubuhi ile Rehema alikuwa mahakamani na mmoja wa wale watu wake, mimi nikakodi gari. Nina mteja wangu wa Mutanga Nord, mama mkubwa mwenye nyumba ya ghorofa, akaniazima makochi yake ya ngozi, zulia jekundu na meza ya kioo. Mapazia nikashona mwenyewe. Wenzake Rehema nikawavisha kitenge kimoja, kile cha ndege wa buluu. Pilau nikapika kwa mkono wangu. Magodoro yaliyochanika nikayarundika uani nyuma ya choo, nikayafunika turubai. Na wale watu wenyewe, Mungu anisamehe, niliwaomba wakae jikoni kwa jirani. "Kidogo tu," nikawaambia, "wageni wakitoka mutarudi." Yule mama wa ndagala alibeba kikombe chake akaenda bila kuuliza.

Rehema akaingia. Akatazama makochi, akatazama zulia. "Mama, umefanya nini?"

"Nimekupa heshima, mwanangu."

"Watu wangu wako wapi?"

Nilikuwa sijamjibu bado, gari la komini likapiga honi.

Walikuwa wawili, mzee mmoja mwenye kofia na mama mmoja wa miwani, mnene kama mimi lakini mkali. Wakala, wakanywa Fanta. Mzee akasifu pilau mara tatu, na mimi nikamwambia ni ya Ujiji, haipatikani Burundi nzima. Halafu akajiegemeza kwenye kochi, akalipigapiga mkono, akacheka. "Maman, huku kwenu ni pazuri kuliko biro yangu ya kazi. Sasa fedha ya komini munaitakia nini? Iko mashule haina hata madawati." Akafunga faili lake.

Nikamtazama Rehema, nangoja aseme. Msomi huyu, anayebishana na wanasheria! Rehema ameinamisha macho, anatazama mikono yake. Mwanzoni nilimkasirikia. Halafu, dada, nikaelewa. Angesema nini? Aseme, "Mama yangu amewadanganya"? Mbele ya wageni? Mtoto yule alikuwa tayari nyumba ifungwe kuliko kunivua nguo mimi.

Nikasimama. Nikamwambia yule mzee, "Papa, naomba usimame kidogo. Hii kochi si yetu."

"Unasema?"

"Ni ya kuazima. Na meza. Na zulia, ngoja." Nikalishika pembe nikalivuta, Fanta ya watu ikamwagika. Chini yake saruji imepasuka, na shimo linalotoa maji mvua ikinyesha. "Hii ndiyo nyumba. Mimi ndiye niliyeifunika, mutoto wangu hakujua. Na watu wanaolala hapa nimewaficha jikoni kwa jirani, kama vile wao ndio walifanya uovu."

Yule mama wa miwani akasema, "Niitie hao watu niwaone."

Hapo ndipo Rehema akainua kichwa. "Apana, mama. Mutanisamehe. Watu hawaonyeshwi. Vitanda nitawaonyesha, vitanda havina haya." Kwa sauti ya chini, lakini hakuna aliyebisha. Mzee mzima akavua kofia.

Wakaenda uani. Nikafunua turubai kwa mkono wangu. Yule mama wa miwani, na suti yake nzuri, akakaa juu ya godoro lililochanika nyuma ya choo, akakaa tu. Akamwuliza Rehema, "Mutu akija amepigwa, mwanzo munafanya nini?" Rehema akasema, "Mwanzo tunamupa maji. Hatumuulizi kitu." Akaeleza mengine: hospitali, polisi, kesi, na jinsi mtu anavyorudi kwenye kazi yake. Waliongea mpaka pilau ikapoa. Wakati wa kuondoka mzee alinishika mkono, akasema, "Maman, mi nimeona nyumba mingi zinaficha utajiri. Ya kuficha umasikini ni yako tu." Nikamjibu, "Basi umeshaniona, uniandike vizuri."

Nilipofika kwa jirani kuwaita watu warudi, niliona haya kuingia. Nikamwomba radhi yule mama wa ndagala. Akaninyooshea kikombe chake, akasema, "Pilau imebaki?" Nilimjazia sinia, dada.

Jioni nikamwuliza Rehema, "Kwa nini ulinyamaza? Nyumba ingefungwa." Akasema, "Nyumba ningetafuta ingine. Mama mwingine ningemutoa wapi?" Nakuandikia hili polepole ili nisikosee hata neno.

Baraza likakaa, wakabishana, nasikia yule mama wa miwani aligonga meza. Barua imekuja na muhuri wa komini: nyumba imewekwa kwenye bajeti ya mwaka mzima. Mwaka mmoja tu, halafu Rehema ataomba upya, lakini mwaka ni mwaka. Yule mama wa ndagala alilala pale mpaka siku ya kesi. Alisimama mahakamani akasema yote, hakumeza hata neno. Rehema alikuwa benchi la nyuma, na mimi ubavuni kwake na kitenge changu cha ndege wa buluu. Hukumu tunaingoja bado.

Na mimi kuna kitu kinanishangaza kila siku mpaka leo. Mkusanyaji wa kodi akipita sokoni nakaa, siendi chooni tena. Juzi nilimwita mwenyewe. Akasimama, ananitilia shaka: "Mama, si we ule unanikimbiaga?" Nikamwambia, "Chukua haraka, mutu wangu anangoja godoro." Alidhani nimechanganyikiwa. Lakini fikiria, dada. Mimi, muuza nyanya, fundi wa baiskeli, wote tunatoa, hatujuani, na mahali fulani Kinama mtu aliyepigwa anapewa maji. Siku zote ile karatasi ya kudaiwa kodi nilikuwa nafungia karanga!

Nisalimie mume wako mvuvi wa maneno, na binti yako anayesoma hii, mwambie asome kwa sauti majirani wasikie. Msalimie mjomba fundi cherehani, na yule shangazi aliyesema Rehema hataolewa wala hatafika popote. Huyo msomee mara mbili.

Baada ya Idi tunakuja, mimi na Rehema, wiki nzima. Najua umeshaanza kuhesabu majirani wenye makochi. Nakuomba, usiazime kitu kwa mtu. Tandika mkeka ule wa marehemu mama, uliotoboka pembeni. Rehema ataukalia, na mimi nitakaa kwenye tundu.

Mdogo wako anayekupenda,
Mama Rehema
(siku hizi hata komini wananiita hivyo)