Kigoda Kisichouzwa

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za karakana, ambako vumbi la mbao limeingia hadi kwenye kompyuta yangu. Sisi wazima. Mama anauliza kama unakula.

Nimemtengenezea baba tovuti ya kuuzia viti. Alipoona anwani za kurasa zinaishia kwa namba, viti/7, viti/8, akafoka: "Hivi ni viti au wafungwa? Kila kimoja nimekipa jina!"

Basi nikabadilisha kigezo cha anwani, ile sehemu yake ya mwisho. Palipokuwa na namba nikaweka jina. Sasa kuna viti/mama-mkwe, kile kisicho na egemeo ili mgeni asikawie. Ila nikasahau kubadilisha ndani ya ukurasa, nao ukawa bado unatafuta kiti kwa namba, si kwa jina. Baba akabonyeza, akasoma "Hakipo", akapiga ukelele: "Kimeibiwa!" Jirani akaja mbio na nyundo mkononi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, baba peke yake hakucheka.

Nikatazama alichokuwa akikitafuta. Anwani ilisomeka viti/mtoro.

Ni kigoda chako, kaka, chenye mguu mmoja mfupi, ulichokiacha bila kukimaliza siku mliyogombana na baba. Tangu uondoke hajakutaja hata kwa bahati mbaya. Kumbe alikipiga picha mwenyewe, akakiweka kwenye tovuti kimyakimya.

Nimerekebisha, kinafunguka. Mahali pa bei ameandika: "Hakiuzwi. Mwenyewe aje amalizie mguu."

Mbao ameshakuchagulia.

Mdogo wako,
fundi asiyejua kushika randa