Nilisema Nimempigia Nesi

Jumanne, 5 Machi

Dripu ya kwanza ya dawa ya saratani ilikuwa jana. Mwalimu hajatapika! Beseni, ndoo, mataulo, vyote vimekaa kando ya kitanda vinatutazama tu. Amekula, amecheka, amenituma madaftari ya watoto wake wa chekechea asahihishe. Asahihishe nini — wanachora miduara! Ndiye mke wangu huyo. Nimerudi kwenye cherehani roho nyeupe.

Jumapili, 10 Machi

Vile vidonge vya kuzuia kutapika alivyopewa na nesi wa kliniki vimemfunga choo. Leo amekaa msalani mpaka nikagonga mlango. Kumbe analia. "Fundi, huku juu sitapiki, huku chini sipati. Nimekuwa chupa yenye kizibo." Tukacheka, mimi nje, yeye ndani. Akaomba nimpigie nesi, nimuulize kama dripu ijayo anaweza kuviacha. Nikasema kesho.

Jumamosi, 23 Machi

Sijampigia. Ile suti ya bwana harusi! Kila akija kujaribu tumbo limeongezeka, nafumua kiuno upya. Leo nimepiga magoti mbele yake, pini mdomoni, Mwalimu akaniuliza toka chumbani: umempigia nesi? Nikaguna ndiyo. Kasemaje? Nikatoa pini.

"Kasema kama hutapiki, si lazima."

Limetoka lenyewe. Lakini kwani uongo? Mtu hatapiki, dawa ya kutapika ya nini? Jumatatu nitampigia kabla hatujatoka.

Jumatatu, 25 Machi

Sikupiga. Tulichelewa. Nesi wetu naye hakuwa zamu. Mwalimu kapaka wanja, kaenda kwenye dripu kama anaenda harusini. Vidonge viko kwenye droo.

Jumatano, 27 Machi

Ee Mungu wangu.

Alhamisi, 28 Machi

Alianza juzi jioni. Chakula, kisha maji, kisha nyongo, kisha sauti tu. Nikakimbilia droo. Nikampa kidonge, kikarudi kizima. Kingine — kikarudi. Harufu ya pasi yangu ikimfikia anajikunja. Nimefunga duka.

Nilikwenda kwa muuza dawa wa hapa mtaani. Akashangaa: ile dawa hutangulia, hainywewi mambo yakishaharibika. Na mara ya kwanza hakutapika kwa nini? Si kwa sababu alivinywa! Nikasimama pale kama gunia.

Jana jirani alitupeleka kwa gari, akatundikiwa maji. Midomo imempasuka. Mkono wake nikiushika ni kama kitambaa kilichofuliwa mno. Ananiambia pole kwa kunisumbua. Ananiambia mimi pole!

Ijumaa, 29 Machi

Shemeji, dada yake mkubwa, amekuja. Kafoka tangu mlangoni: madaktari wanamuua mdogo wangu! Akanigeukia — na wewe shemeji unatazama tu? Nikasema, tuombe Mungu. Hilo tu ndilo nililoweza.

Jumamosi, 6 Aprili

Anakula kidogo. Leo kakaa uani, kaniita nikae karibu.

"Sirudi tena, Fundi."

Nikajifanya sijasikia.

"Ile dripu sirudii. Kama ni kufa, nife natembea, nisife nimekumbatia ndoo."

Shemeji akasema afadhali. Sentensi moja tu ilitakiwa: si dripu, mke wangu, ni mimi. Nikaenda kufagia duka. Duka ambalo nilikuwa nimeshalifagia.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimembembeleza twende Jumatatu. Kakubali, ila kumuaga daktari tu, maana si adabu kupotea bila kuaga. Nimeapa nitamwambia kabla hatujafika.

Jumatatu, 15 Aprili

Sikumwambia. Naandika kwenye benchi la kliniki.

Nesi wetu kaja sasa hivi, kasikia habari ya kutapika, kashika kiuno. "Mama, vidonge si nilikupa? Ulivinywa?"

Mwalimu kanitazama kidogo, kisha kamgeukia nesi.

"Si ulisema kama sitapiki si lazima?"

"Mimi? Nani aliniuliza?"

Nikaona usoni mwake jambo linapita, taratibu, kama anasoma daftari la mtoto. Nikafungua mdomo. Yeye akawahi.

"Basi nimechanganya. Mimi ndiye niliyevikataa, vilinifunga choo. Mume wangu alinibembeleza weee, nikagoma."

Nesi akamkaripia. Mtu mzima, mama! Kufunga choo kuna dawa yake, ungesema tu! Mke wangu kainamisha kichwa. "Nisamehe, mwanangu."

Nami nimekaa. Nimekaa tu!

Ameitwa ndani. Kasimama mwenyewe, hakunishika mkono. "Ngoja hapa," akasema. Hakuniita Fundi.

Mlango haukufungwa vizuri. Daktari anamuuliza swali lile lile, kwa nini hakunywa. Nasikia anakohoa, anatengeneza sauti. Nimesimama. Anaanza kumjibu —