Nafula Alishika Mkokoteni

Waithaka, Jumatatu

Kwako Baba Nafula,

Nakusalimu kwa mikono miwili, ingawa yote ina malengelenge. Mama anaendeleaje na kile kifua chake, na baridi hii? Mwambie dawa asinywe kabla ya kula. Pacha wetu nawasalimu, Mukhwana kwanza ndiyo asinung'unike, halafu Mulongo, na asimwachie mwenzake kuchota maji peke yake. Shemeji Wafula mguu wake umepona? Mke wake naye msalimie, na ng'ombe pia kama amezaa. Sisi tuko. Tumechoka tu.

Wiki mbili napiga simu hushiki. Mama akishika anasema uko shamba. Shamba gani hilo halina kurudi nyumbani? Basi nimempa dada Rispa jirani yetu barua hii, anasafiri kesho. Soma mwenyewe, usimpe Wafula akusomee.

Najua ulisema hapana. Ulisema wewe ulivuta mkokoteni ndiyo watoto wako wasivute. Niliyasikia yote, halafu nikatia sahihi ile karatasi ya ruhusa ya kanisa. Kosa ni langu, si la mtoto.

Unajua hii safari ya vijana ni ya kukumbuka wale watu wa kanisa letu wa zamani huko Amerika, waliohama na mikokoteni kwa kukosa farasi, wengine wakafa njiani. Wasichana tuliwashonea sketi ndefu na kofia za leso. Mimi niliwekwa mama wa mkokoteni mmoja, watoto wanane, na Nafula akiwemo. Tulibeba unga, sufuria, blanketi na mitungi ya maji. Tulitoka hapa Ijumaa asubuhi kuelekea upande wa Kikuyu, na nakwambia kufika Dagoretti magoti yangu yalikuwa yamekataa.

Hapo tukakutana na kijana na mkokoteni wake umejaa viazi. Akasimama kututazama.

"Mama, mnapeleka wapi hiyo mali?"

"Hatupeleki. Tunakumbuka."

"Mnakumbuka? Basi kumbukeni na hii yangu, mimi nipumzike."

Vijana walicheka. Nafula hakucheka. Alienda akamsukumia viazi mpaka akavuka lile tuta la barabarani, akarudi kwenye mkokoteni wetu.

Jumamosi tukafika kwenye mlima. Wazee wakawaita wavulana kando, kwa sababu zamani wanawake wengine walibaki bila waume njiani wakavuta peke yao. Basi tukabaki sisi na wasichana. Baba Nafula, ule mkokoteni ulinishinda. Tulivuta hatua kumi, mikono ya mkokoteni ikainuka juu na sisi tukaninginia, ukaanza kurudi nyuma. Nikaona watoto wa watu wanakufa mikononi mwangu. Nafula akaruka, akatia jiwe nyuma ya gurudumu.

"Mzigo uko nyuma," akasema. "Leteni mitungi mbele. Na tusipande wima, tuende nyoka nyoka."

Mwenzake akamuuliza, "Nani alikufundisha?"

"Baba yangu. Alivuta maji Westlands."

Alisema hivyo tu, kama mtu anayetaja jina lake. Tukapanda.

Juu nikamuuliza anakumbuka nini, maana alikuwa na miaka sita ulipoacha. Akasema, "Nilikuwa nakaa juu ya mitungi. Baba ananiambia niimbe ndiyo asisikie mlima." Wewe ulidhani amesahau. Mimi pia.

Na mimi nilikufulia mashati miaka ile yote, lakini sikuwahi kushika mkokoteni wako. Leo nimeenda kufulia watu nguo kule Muthangari, sabuni ikaingia kwenye vidonda, nikakaa chini kando ya beseni.

Sasa sikiliza. Jumapili hii vijana watasimama mmoja mmoja kueleza safari. Nafula anataka kusema habari zako na mkokoteni. Nikamwambia, "Nyumbani wanajua baba yako alikuwa na kazi ya kampuni." Akasema, "Mimi sioni haya. Kama ni baba anaona haya, aniambie." Hapa kanisani kuna watu wa kwetu, unawajua. Akisema, neno litafika sokoni huko kabla yako. Mama yako, Wafula, wote watasikia.

Mimi simruhusu bila wewe. Kumkataza pia sitaweza, nimechoka kuwa mlango kati yenu. Yeye mwenyewe amesema usipojibu atakaa kimya, wengine waseme, lakini anavyosema hivyo uso wake siupendi.

Dada Rispa anarudi Alhamisi. Mpe karatasi, ama shika simu. Kama ni hapana, iwe hapana, ila mwambie yeye kwa mdomo wako, usinitume mimi. Jibu upesi, Baba Nafula. Jumapili haiko mbali.

Ni mimi,
Mama Nafula