Mikono ya Akinyi

Alhamisi, baada ya chakula

...na jana asubuhi wanafunzi wa uuguzi walinikasirisha. Chuo cha wauguzi kimeongeza madarasa, sasa wanafunzi wamejaa wodi yangu ya akina mama, na wamezoea kupima mdoli wa plastiki. Akinyi, yule wa kutoka Siaya, alimshika mama mjamzito wa kutoka Giakanja tumboni bila kupasha mikono joto. Na vile kuna baridi Nyeri mwezi huu! Mama aliruka.

"Mdoli hasikii baridi," nikamwambia. "Huyu ni mtu."

Hakununa. Alienda akakumbatia kikombe cha uji moto, akarudi. "Pole, mama. Sasa naweza kukushika?" Mama akacheka. Kufikia mchana wanafunzi wote walikuwa wanazunguka na vikombe. Nilijifanya sioni, lakini moyoni niliwapenda.

Miaka yote, siku yangu ya kupumzika ikifika, simu inalia: sista, rudi, hakuna mtu. Ndiyo maana naogopa kustaafu: nani atabaki na akina mama?

Leo napumzika nyumbani, na Akinyi na wenzake wamebaki wodini na muuguzi wa zamu. Simu iko hapa mezani, kimya. Nimeangalia mara mbili kama iko na chaji.

Iko nayo.