Jiko la Tajiri wa Reli

Mwanangu Wambui,

Shosho akikusomea hii barua, mwambie asome polepole. Mimi ni mzima. Tulihama Riyadh, sasa niko Jeddah na madam ninayemfanyia kazi, na ikama yangu, kile kibali cha kukaa huku, imetoka. Kazi ni kazi tu.

Shosho anasema tangu niondoke unatoroka shule, na unauliza mbona darasa lenu lina jiko ukutani na hakuna anayepika. Si jiko, mama. Jumba hilo lilijengwa na tajiri aliyepata mali yake kwa reli, na hapo ndipo alipoota moto, maana kwetu kuna baridi. Alipokufa likawa shule.

Siku yangu ya kwanza shuleni hapo, shosho wako, mama yangu, aliponiacha, niliingia humo mahali pa moto nikajificha, nikalia. Nikainua macho, nikaona kipande kidogo cha mbingu juu kabisa, pale moshi ulipotokea, nikanyamaza. Nilitoka nimejaa masizi. Mwalimu akaniuliza, "Haya, mahindi yameiva?" Darasa lote likacheka, na mimi pia.

Yule tajiri nafikiri alitaka akumbukwe, lakini jina lake hata walimu hawakulijua. Langu lipo. Nililikwaruza kwa msumari, humo ndani, upande wa kushoto.

Kesho nenda, uinamishe kichwa ulitafute. Halafu kaa darasani mpaka mwalimu akufundishe kuandika lako, uliweke chini ya langu. Nikirudi, hapo ndipo nitakapopita kwanza.

Mimi mama yako, ninayekuwaza kila siku.