Alivyotolewa Gwandu Kabla ya Penati

Jumatatu, alasiri. Ukungu umeshuka mapema leo, na mvua bado.

Sasa hivi mwanangu Elia alikuwa ananirushia mpira wake wa matambara. Nilipomrudishia akageuza kichwa upande wa kushoto, akakaza macho, halafu ndipo akaudaka. Akacheka sana. Anamwiga mjomba wake. Watoto wote wa hapa siku hizi wanadaka hivyo, kichwa upande, wanadhani ndiyo mbwembwe za golikipa.

Mimi sikucheka. Nilimkumbatia mpaka akaanza kulalamika.

Gwandu ni mdogo wangu, ndiye aliyenifuata mimi. Alikuwa golikipa wa timu yetu hapa Karatu mpaka juzi Jumamosi. Na mwalimu wa timu ni Boay, mume wangu. Ndiyo maana nyumba imenyamaza hivi.

Juzi ilikuwa fainali, sisi na Mbulu. Nilikwenda uwanja wa shule na Elia mgongoni. Tulitangulia kufunga, wakasawazisha, ikawa moja kwa moja. Ukungu wa kutoka msituni, kule juu ukingoni mwa kreta, ukatukuta mpira unaelekea kwisha. Goli la upande wa pili tulikuwa tunalikisia tu. Refa alishaanza kutazama saa, kila mtu anajua zinakuja penati. Hapo Boay akanyoosha mkono, akamwita Gwandu atoke.

Gwandu alidhani anaitwa mtu mwingine, akageuka nyuma kutazama.

Aliingia Lemayani, kijana mrefu wa Kimaasai aliyekuja kutoka Enguserosambu kuchunga ng'ombe wa mwenye mashine ya kusaga. Hajawahi kudaka mechi hata moja. Penati ya kwanza aliipangua, watu wakaruka, hata mimi nikaruka na mtoto mgongoni. Baada ya hapo zote zikapita. Na wetu wawili wakapaisha. Hao wawili hakuna anayewataja. Anayetajwa ni Boay.

Leo asubuhi bombani hata ndoo sijaitua, wanawake wenzangu wameshaanza.

"Mama Elia, hivi bwana yako Jumamosi alikula nini?"

"Ugali wangu. Kwani vipi?"

"Basi uuangalie huo unga."

Wakacheka, na mimi nikacheka ili yaishe. Mama Paskalina akanitetea, akasema, "Mwacheni mwenzenu. Yule Mmaasai angedaka zote, saa hizi mngekuwa mnamchinjia Boay mbuzi." Nikadhani yamekwisha. Kumbe kuna mmoja nyuma, sikumwona vizuri, akasema polepole, "Mimi naona alimwonea shemeji yake wivu tu. Kijana ameanza kupendwa na watu."

Hilo lilinichoma. Nilijitwisha ndoo haijajaa nikaondoka.

Ningeweza kuwajibu. Jibu ninalo tangu jana, ila nimekatazwa.

Jana tulipotoka kanisani Gwandu alikuja hapa. Hakuketi. Nilimletea kigoda, akakitazama tu. Akamwambia Boay, "Shemeji, nimekuja kumchukua ng'ombe wangu. Nimepata mtu mwingine wa kulima naye."

Boay akasema, "Mchukue."

Basi, hayo tu. Elia alimkimbilia mjomba wake na ule mpira. Gwandu akamshika kichwani, hakumtazama, akapita.

Huku kwetu si kila nyumba ina jozi ya ng'ombe wa plau. Sisi tunaye Madoa, Gwandu anaye Baraka. Tangu nimeolewa hao wawili wanafungwa nira moja, wanalima kwetu, kisha wanalima kwa Gwandu. Wanalala zizi moja. Tangu Baraka aondoke, Madoa amesimama upande wake uleule wa kushoto, ule wa mwenzake ameuacha wazi. Majani hajagusa. Anatazama bondeni, kwa Gwandu.

Ni pale zizini jana nilipomgeukia Boay. Nilikuwa nalia. Nikamwuliza, ulimtoa mdogo wangu kwa nini, na mpira alikuwa anadaka vizuri?

Alimkuna Madoa shingoni. Halafu akasema, "Jicho lake la kushoto halioni."

Wakilima, Boay anawaongoza ng'ombe mbele, Gwandu anashika plau nyuma. Alinieleza, msimu uliopita mistari ya plau ilikuwa inakwenda upande wa kushoto. Boay akadhani ni Madoa anavuta vibaya. Akawabadilisha ng'ombe, huyu akamweka kule na yule huku. Mistari ikaendelea kupinda vilevile. Na kila jua likianza kuzama, inapinda zaidi. Ndipo akaanza kumchunguza, akaona kile kichwa cha upande. Mchana anajisaidia na jicho la kulia. Ukungu ukiingia, kushoto kwake ni giza tupu. Lile bao la kusawazisha lilipita kushoto. Mimi mwenyewe niliona alivyochelewa, nikasema moyoni ni nyasi zenye unyevu.

Nikasema, kwa nini usimwambie? Kwa nini usiwaambie watu?

"Na mahari anayotaka kwenda kuzungumza? Nani atampa binti yake kijana wanayesema ni kipofu? Bora anichukie mimi."

Nilimwona mume wangu kama mtu mwingine.

Lakini leo nimefua jezi za timu kwa majivu, maana sabuni dukani hakuna tena, na nilipokuwa nasugua ile ya Gwandu ndipo nimeelewa. Kwani angalimwacha ingekuwaje? Zingempita za kushoto zote, kila mtu angeona, siri ingetoka palepale. Kwa hiyo Boay alifanya vizuri. Lakini jana pia nilimwuliza, ulifanya kwa ajili ya Gwandu au kwa ajili ya kombe? Akasema hajui. Akasema alikuwa anayataka yote mawili. Namwamini. Ila naona anaumia zaidi anapoulizwa hilo kuliko anapotukanwa.

Amepoteza kombe, amepoteza shemeji, na shamba halijalimwa, na mawingu yanajikusanya.

Na hilo jicho, litangoja mpaka hasira ziishe?

Hili ndilo linaloniondolea usingizi. Mimi nimeishia darasa la nne, magonjwa ya macho siyajui. Lakini hospitali ya misheni huwa anakuja daktari wa macho, nimeona wazee wakirudi wamefungwa bandeji na baadaye wanaona. Jicho la kijana si ndiyo lingepona zaidi? Gwandu akiendelea kuficha, na sisi tukiendelea kumsaidia kuficha, kesho litafuata la pili. Nani atamwonyesha uso wa mkewe, huyo mke tunayemtunzia siri?

Mume wangu amesema nisiseme. Sijawahi kumvunjia neno. Lakini Gwandu nilimbeba mgongoni mwangu mimi kabla ya kumbeba Elia.

Nitamwambia sisi wawili tu, bila mtu. Nitasema, mdogo wangu, hujatolewa kwa wivu. Akitaka kunifukuza anifukuze. Ila nianzeje? Naogopa nikifika mlangoni kwake nitaanza kulia, halafu ataona nimetumwa kuomba ng'ombe.

Elia amenyanyuka, amekimbilia zizini. Mama mkwe ananiita kwa sauti, anasema Madoa amekata kamba, anateremka njia ya bondeni, nimfuate upesi kabla hajafika kwa Gwandu. Nakwenda. Simrudishi njiani, namwacha afike kwa mwenzake, na mimi nikifika pale nyuma yake nitamshika mdogo wangu mkono nimwambie, hujatolewa kwa wivu, twende tukaonyeshe hilo jicho hospitali.