Jiko la Kwenda Nalo Dunguni

Jumatano, baada ya Isha

Nimechukua lile dogo, la gesi ya kopo. La mtungi ni imara zaidi, lakini kutoka hapa Mitole hadi kwenye dungu letu la kulindia shamba ni mwendo wa saa mbili, na mbebaji ni mimi.

Niliyapima dukani kwa kujitwisha kichwani, moja baada ya jingine. Muuzaji akacheka. Sikuona cha kuchekesha, wala sikukasirika.

"Mama, utapikia watu wangapi?"

"Wawili," nikamjibu.

Ilinitoka tu. Baba Salma tulimzika kabla ya mvua, na kuni za kule alikuwa anapasua yeye. Mwaka huu nitafukuza nguruwe peke yangu.

"Basi hilo dogo halikufai. Hilo ni la mtu mmoja."

"Ndilo hilohilo," nikasema. "Nifungie."